Kuuza injini ya boti iliyotumika: kupanga bei na kupatana, kwa sisi wa Mwanza na visiwani

Simu ya kwanza iliingia saa moja asubuhi, na aliyepiga hakunisalimia. "Ile mashine ya 15 bado ipo? Mwisho wako shilingi ngapi?" Nikamtajia mwisho wangu. Saa sita mchana alipofika mwaloni kwetu Igombe, ufukweni tunapoegesha mitumbwi, mazungumzo yalianzia pale nilipotaka yaishie. Injini ya marehemu baba ikaondoka kwa bei ambayo fundi wetu alipoisikia hakusema neno, akaendelea tu kusafisha kabureta iliyokuwa mkononi mwake.

Tangu siku hiyo nimeuza injini nyingine mbili za familia, na mara nyingi nimekaa upande wa muuzaji nikisaidia akina mama walioachiwa mitumbwi na waume zao, au vijana wanaotaka kutoka kwenye injini ya nguvu za farasi 15 waende kwenye ya 40. Ninaandika kwa ajili ya mtu mwenye injini moja ya kuuza, si mwenye kibanda. Mwenye kibanda akikosea leo ataifidia hasara yake kwenye injini ya kesho. Wewe huna ya kesho.

Kilichoniumiza siku ile nilikielewa baadaye: nilimwacha mnunuzi anipangie bei kwa sababu mimi sikuwa nimeipanga. Sikuwa na risiti mkononi, sikujua namba ya injini, sikujua kama gia zake ni nzima. Kila alichokisema kuhusu injini yangu nilikuwa nakisikia kwa mara ya kwanza, na kila alichokisema alikikata kwenye bei.

Kwanza hakikisha ni yako kuuza

Injini ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za huku safari hiyo huanza na kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha Mahakama ya Mwanzo. Ni safari ndefu, najua, hasa kipindi ambacho watoto wanadaiwa ada. Lakini mnunuzi akishahisi kwamba kuna kaka yako yuko Sengerema ambaye hakushirikishwa, atakukata bei kwa ajili ya hatari hiyo, na hatakuwa amekosea.

Injini ya mkopo nayo si yako mpaka deni liishe. Vikundi vingi vya wavuvi vimepata boti na injini kwa mikopo. Kama yako imetoka huko, au imewekwa dhamana kwenye benki au SACCOS, maliza deni upate barua ya kumaliza, au nenda kwa mkopeshaji wako ukaombe ruhusa kwa maandishi. Ya ubia itasainiwa na wabia wote.

Halafu tafuta risiti. Iliyonunuliwa dukani, rudi dukani uombe nakala. Iliyonunuliwa mkononi, tafuta mkataba wa wakati ule. Kama hakuna hiki wala kile, pata barua ya serikali ya mtaa au kijiji na uwaombe viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) wa mwalo wako wathibitishe kwamba wanaifahamu injini hiyo na wanajua imekuwa kwako. Wenzetu wanavamiwa usiku ziwani, wanaporwa injini, wanaachwa wakielea na taa zao. Anayenunua iliyoporwa anaweza kukutwa na mali ya wizi na kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo mtu anayekuomba risiti hajakutukana. Anayekutukana ni yule ambaye hataki kuiona kabisa: huyo anakuonyesha namna anavyonunua vitu vyake.

Isome injini yako

Kwenye bano linaloshika ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma ya mtumbwi, kuna kibati au karatasi ngumu yenye jina la modeli na namba ya pekee ya injini. Isugue taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usitumie brashi ya waya. Kibati kilichokwanguliwa kinaua bei kuliko silinda mbovu, kwa sababu silinda hutengenezwa.

Herufi za modeli zina maana. Tuchukue Yamaha Enduro, ambazo zimejaa ziwani kwetu: E15DMHL. E ni Enduro, 15 ni nguvu za farasi, D ni toleo, M ni ya kuvuta kamba, H ni ya kushika usukani kwa mkono, L ni mguu mrefu. Mguu mfupi huandikwa S. Mguu mfupi ni inchi 15, mrefu ni inchi 20. Nimeona mtu ametoka Ukara mpaka Kirumba na fedha mfukoni, akafungiwa mashine na kurudi kwao, kisha akagundua kwamba propela yake inachota hewa kwa sababu tezi la mtumbwi wake ni refu na mguu ni mfupi. Pima mwenyewe kwa futi, andika, na umtajie mnunuzi kwenye simu. Utaokoa nauli ya mtu na siku yako.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa kwetu wanalisahau: Victoria ni ziwa la maji baridi. Injini iliyofanya kazi yake yote hapa haijaonja chumvi. Zile zinazopandishwa kutoka pwani zikiwa zimeshatumika huwa zimeliwa na chumvi kwenye njia za maji ya kupoozea, na boliti zake hukatika ukizigusa. Kama yako haijawahi kutoka ziwani, na risiti au mashahidi wa mwaloni wanaonyesha hivyo, sema waziwazi. Ina thamani.

Fundi aje kabla ya mnunuzi

Mlipe fundi asiyehusika na mauzo. Akiwa dalali wako pia, macho yake yataona kile anachotaka kuuza. Mwombe aangalie mambo haya, na wewe usimame pembeni ujifunze, maana utayaeleza wewe.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Enduro ya 15 ina silinda mbili. Zipimwe kwa geji, moja baada ya nyingine. Kinachotazamwa sana ni tofauti kati yake: zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna ringi au pistoni inayolalamika. Mwambie fundi aandike namba zote mbili na tarehe kwenye karatasi.

Plagi. Ncha ya kahawia ni habari njema. Nyeusi iliyolowa inasema oili imezidi au kabureta inamwaga. Nyeupe iliyokauka inasema injini imekuwa ikiungua, pengine kwa kuchanganyiwa oili kidogo au kwa kukosa maji.

Mafuta ya gia. Fungua skrubu ya chini ya mguu, yatoke kidogo. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na sili zimechoka. Sili si ghali. Gia zilizozungukia maji kwa mwaka mzima ndizo ghali.

Maji ya kupoozea. Injini ikiwaka, maji lazima yarushwe kwa nguvu kwenye kile kitundu cha nyuma. Yakidondoka kivivu, impela (kile kipangaboi cha kusukuma maji) imeisha au njia imeziba kwa mchanga na magugu. Na hapa nasema kwa msisitizo: usiiwashe nchi kavu ili kumwonyesha mtu sauti. Impela ni mpira, ikizunguka bila maji inaungua kwa sekunde chache. Tumia pipa la maji.

Mwisho, iliwahi kuzama? Injini nyingi za ziwani zimewahi kuzama, na iliyotolewa siku hiyo hiyo ikamwagwa maji na kutiwa oili kwenye silinda inaweza kufanya kazi miaka mingi. Iliyokaa chini siku mbili, au ikatolewa na kuachwa ikauke juani, beringi zake zina kutu ambayo huioni leo. Kama unajua ilizama, utamwambia mnunuzi. Fundi wake atagundua. Akigundua yeye kabla hujasema wewe, hata yale ya kweli uliyoyasema juu ya plagi na gia hayataaminika tena.

Je, utengeneze au uuze ilivyo? Mimi naenda hivi: kitu cha bei ndogo kinachotisha, tengeneza. Impela, sili za mguu, kamba ya kuwashia iliyokatikakatika, mpira wa mafuta unaovuja. Mnunuzi akiona kasoro ya elfu 70 hakati elfu 70, anakata laki 2, kwa sababu anawaza yale asiyoyaona. Kitu kikubwa, kama silinda moja kuwa dhaifu, usikiguse. Taja, onyesha karatasi ya geji, na ukiweke kwenye bei. Ukifumua injini ili uiuze vizuri, gharama hiyo hairudi yote.

Na usipake rangi. Ioshe, ifute, basi. Rangi mpya kwenye mashine ya zamani humfanya mtu wa ziwani aanze kutafuta kilichofichwa chini yake.

Kupanga bei

Tembea kwanza. Ingia madukani mjini uulize bei ya mpya ya modeli hiyo hiyo, siku hiyo. Hiyo ni dari yako. Kisha nenda kwenye mialo mitatu tofauti. Mimi huenda Kirumba, Kayenze na kwetu Igombe. Huko usiulize "injini kama hii inauzwaje?" kwa sababu utaambiwa bei za kutangazwa. Uliza: "Ya mwisho uliyoona ikiuzwa, ilitoka kwa ngapi, na ilikuwa na hali gani?" Bei iliyotoka na bei iliyotangazwa ni vitu viwili. Mafundi ndio wanaojua zaidi, maana wao huitwa kushuhudia.

Sasa kaa chini na kalamu. Tarakimu ninazoweka hapa ni za kufundishia hesabu tu, bei zenyewe chukua za siku yako.

Tuseme mpya ni milioni 6. Umesikia tatu zilizouzwa: moja kwa milioni 3 na laki 2, mguu wake ulikuwa na maji, moja kwa milioni 3 na laki 5, hali ya kawaida, moja kwa milioni 3 na laki 9, haikutumika hata miaka miwili. Yako ina kompresheni nzuri, mafuta ya gia safi, risiti ipo, ila propela imeliwa na mawe. Umeshabadilisha impela. Basi wewe ni wa daraja la kati na nusu: milioni 3 na laki 6 au 7. Toa propela, tuseme laki 1. Unabaki kwenye milioni 3 na laki 5 au 6.

Andika bei tatu kwenye karatasi. Ya kutangaza: milioni 3 na laki 9. Ya kuridhika, ile ukiipata unalala vizuri: milioni 3 na laki 6. Ya sakafu: milioni 3 na laki 4. Chini ya hapo injini inarudi stoo. Sakafu inaweza kubadilishwa, lakini inabadilishwa nyumbani, jioni, na wale mnaogawana fedha hiyo. Mwaloni, mbele ya mtu aliyeshika noti, haibadilishwi.

Ukitangaza juu mno, tuseme milioni 5, wenye fedha hawatakupigia kabisa. Watakupigia wenye muda. Na ukitangaza ile ile unayoitaka, utakosa cha kupunguza, na kwetu mtu asiyepunguziwa hata kidogo huondoka akiwa amevunjiwa heshima.

Tangi na propela ya akiba usiviweke kwenye bei. Lile tangi la lita 24 na mpira wake, propela ya zamani, spana za plagi, vyote viache nyumbani au ndani ya gunia. Vitakuwa nyongeza, na nyongeza ina kazi yake, tutaifikia.

Wakati na mahali

Dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukikaribia kujaa, taa hazivuti, mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, hesabu za giza lililopita zinafanywa na mgao unatolewa. Siku hizo tajiri wa dagaa ana fedha na ana muda. Na kadiri mwezi unavyopungua anaanza kuhesabu mitumbwi yake na mashine zake. Mimi hutangaza mbalamwezi ikiwa imeiva, ili watu waje kuona, na biashara huiva siku 3 au 4 kabla giza halijaanza. Mtu ambaye mashine yake imekufa na giza ni keshokutwa hababaiki na laki moja. Wavuvi wa sangara hawafuati sana mwezi, hao utawapata wakati wowote.

Usitangaze kwa simu tu. Nenda soko la Mwaloni Kirumba, ongea na akina mama wanaopokea dagaa na samaki wakavu kutoka Ukerewe, Ukara, Kome na kwingine. Wao wanajua nani ameungua injini kabla ya fundi kuitwa. Ukiweka picha kwenye makundi ya WhatsApp, weka ya injini nzima, ya propela na ya plagi, lakini namba ya pekee funika tarakimu za mwisho. Wezi hutumia namba za watu kutengenezea karatasi.

Ukimtumia dalali, patana malipo yake kwa shilingi kamili kabla hajampigia mtu yeyote, na umwambie wazi kwamba hakuna cha juu, yaani haongezi chake juu ya bei yako. Dalali wa cha juu hupandisha bei yako mpaka mnunuzi mzuri anakimbia, na wewe hujui kwa nini simu hazilii.

Kwenye simu

Swali la "mwisho shilingi ngapi" litakuja. Usilikasirikie, usilijibu. Sema: "Natangaza milioni 3 na laki 9, maongezi yapo ukishaiona." Akikazana, rudia maneno hayo hayo kwa upole. Kisha wewe umuulize: mtumbwi wako ni wa futi ngapi? Unavua nini? Tezi lako ni refu au fupi? Mnunuzi wa kweli hufurahi kuulizwa hivyo, na wewe unajua anayekuja ni nani.

Majaribio majini

Fanya asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Mchana upepo ukiinuka hata injini nzuri inaonekana dhaifu. Usiipashe moto kabla hajafika. Mwache aguse kichwa cha injini kikiwa baridi, kisha avute kamba mwenyewe. Injini ya baridi inayowaka kwa mvuto wa tatu imeshajinadi kuliko maneno yako.

Petroli aje nayo yeye au mchangie, lakini oili uchanganye wewe: kwa Enduro ya tustroki ninayoizungumzia ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na iwe oili ya injini za boti. Vaeni jaketi okozi, wote. Mchukue na mzigo au watu kidogo, maana mashine tupu hukimbia hata ikiwa mbovu. Ajaribu mbele, huru, nyuma. Aende kasi ya juu dakika 10. Aizime katikati na kuiwasha tena ikiwa moto.

Wewe au mtu wako awe ndani ya mtumbwi muda wote. "Niachie nikaijaribu kambini siku mbili" ni hapana, hata kwa shemeji.

Mapatano

Rudini nchi kavu, kaeni kivulini. Kama amekuja na mzee wa kushuhudia, mzee apewe kiti na maji ya kunywa kwanza, na umwamkie kwa kilugha chake kama unakijua; kwetu "mwangaluka" inayotoka moyoni hubadilisha hewa ya kikao. Ukiwa mwanamke utaulizwa, "Mwenye mali yuko wapi?" Mimi huweka risiti na karatasi ya fundi mezani na kusema, "Ni mimi, baba. Tuendelee." Kisha naanza na kasoro. Namwonyesha propela iliyoliwa, nasema nimeshaitoa kwenye bei, na ni kiasi gani. Kasoro niliyoitaja mimi yeye hana namna ya kuikata mara ya pili.

Fundi wake atatikisa kichwa. Ndiyo kazi aliyoitiwa. Usibishane naye, mwombe akuonyeshe. Mazungumzo ya mwaka jana yalikwenda hivi, karibu neno kwa neno:

"Dada, hii mashine imechoka. Milioni 2 na nusu."

"Fundi, nionyeshe ilipochoka."

"Sauti yake tu."

"Geji ni hii hapa, silinda zote mbili, ya wiki iliyopita. Kama una geji yako tupime sasa hivi, nasubiri."

Hakuwa na geji. Akaangalia propela, akasema propela. Nikamwambia propela tumeshaitoa. Yule tajiri akacheka, akasema, "Haya, milioni 3."

Hapo wengi hukimbilia katikati: yeye 3, mimi 3 na laki 9, tugawane. Usigawane haraka. Anayetaja bei ndogo kabisa mwanzoni ndiye anayependa mchezo wa katikati. Nilishuka mpaka milioni 3 na laki 7 na elfu 50, nikanyamaza. Kimya kinauma, hasa ukiwa na shida ya fedha, lakini hesabu mawimbi na usiseme kitu. Akapanda milioni 3 na laki 3. Nikashuka milioni 3 na laki 6 na elfu 80. Angalia: nilianza kushuka kwa laki 1 na nusu, mara ya pili elfu 70, na mara ya tatu ingekuwa elfu 30. Mtu akiona hatua zako zinafupika anajua ukuta uko karibu, bila wewe kuapa.

Kila unapopunguza, omba kitu. "Nitafika hapo ukilipa leo yote." "Nitafika hapo ukija kuichukua mwenyewe." Ukipunguza bure, unamfundisha kuomba tena.

Atatoa noti, atazihesabu mezani pole pole. Fedha zinazoonekana zina nguvu, nami zimewahi kunilegeza. Ndiyo maana karatasi ya sakafu iko mfukoni mwako: shika mfuko, soma kwa kichwa. Na akisema ametoka mbali, amelala njiani, hana nauli ya kurudi, mhurumie kwa chakula. Bei iache.

Sasa nyongeza. Tulikuwa tumekwama, yeye milioni 3 na nusu, mimi 3 na laki 6 na elfu 50. Nikamtuma kijana alete tangi na propela ya akiba. "Bei yangu ikae 3 na laki 6, na hivi vyote vyako." Tangi lile lilikuwa limekaa stoo tangu baba alipofariki. Kwake lilikuwa ni safari moja ya dukani aliyoiepuka. Tukapeana mikono.

Mali kauli, achukue leo alipe baadaye, sikubali, na nakusihi nawe usikubali. Si kwamba watu wote ni waongo. Ziwa hili lina visiwa vingi, na maji yake ni ya nchi tatu. Mvuvi akihama kambi kwa sababu samaki wamehama, deni lako limehama naye mpaka Uganda. Kama hana fedha yote, apokee risiti ya malipo ya kwanza na injini ibaki kwako hadi amalize, kwa muda mliouandika, na mwandike pia fedha itarudije akishindwa.

Fedha na karatasi

Fedha taslimu nyingi mkahesabie benki, ziingie kwenye akaunti papo hapo. Noti bandia itagunduliwa dirishani ukiwa naye bado. Ya simu usiamini ujumbe. Fungua menyu wewe mwenyewe, angalia salio. Ujumbe wa kughushi unafanana na wa kweli mpaka nukta.

Mkataba uwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya NIDA, namba za simu, modeli na namba ya pekee ya injini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe na saa, vitu vya nyongeza, kasoro ulizozitaja, na sentensi kwamba mnunuzi ameijaribu majini na kuridhika. Mashahidi kila upande. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa au wakili. Nakala mbili. Piga picha mkiwa wote na injini, kibati kikionekana. Risiti ya dukani mpe halisi, baki na nakala.

Kesho yake pita BMU, waambie mashine namba fulani si yako tena. Ikikutwa kwenye uvuvi haramu wa kokoro au kwenye tukio la wizi, jina lako lisiwe la kwanza kutajwa.

Halafu subiri simu moja, huwa inakuja ndani ya wiki. Ya kwangu ilikuja usiku, upepo ukisikika nyuma. "Dada, mashine yako inawaka, inakwenda kidogo, inazima. Umeniuzia nini?" Usijitetee na usikate simu, muulize maswali. Oili amechanganya kiasi gani? Mpira umekaa sawa? Tangi analotumia ni lile nililompa? Akasema ni lile. Nikamwambia ashike kifuniko chake, juu kuna skrubu ndogo ya kuingizia hewa, ailegeze. Baba alikuwa akiikaza kila tunapotoa tangi mtumbwini, na hakuna aliyekuwa ameifungua tangu wakati huo. Nikasikia kamba ikivutwa mara mbili, mashine ikaitika, kisha ikapanda sauti na kukaa hapo hapo bila kushuka. Alisahau hata kuaga.